Akiba Haiozi? Kampuni Zinapoweka Hazina Yake katika Bitcoin

Methali inasema akiba haiozi. Tumefundishwa hivyo tangu shule ya msingi, na wazazi wetu wameitumia kila walipotaka tuache kumaliza vyote leo. Hata hivyo methali yenyewe haitaji ni akiba ya kitu gani. Mahindi yaliyowekwa ghalani kabla ya kukauka huoza. Noti nazo huoza kwa namna yake: karatasi hubaki nzima, nguvu yake ikatoweka. Kwa msomaji wa Likasi jambo hili halihitaji ushahidi mrefu, kwa kuwa wazee wa Panda, Kikula na Shituru waliona fedha ya nchi ikioza mikononi mwao mara zaidi ya moja.

Tangu mwaka 2020 swali hilo limerudi kwa sura mpya. Kampuni kadhaa kubwa duniani zimechukua sehemu ya fedha zake, na nyingine karibu fedha zote, zikanunua Bitcoin na kuiandika katika hesabu kuwa akiba. Habari hizi hufika kwetu kwa simu, mara nyingi zikiletwa na mtu anayetaka tununue kitu. Makala haya hayauzi chochote. Yanaeleza kampuni hizo zinafanya nini, kwa nini, utaratibu wake unaendaje, na ungekuwa na maana gani kwa kampuni ya hapa Haut-Katanga. Na kwa kuwa sisi ni watu wa lugha, yatauliza pia kama neno "akiba" linastahili kutumika hapo.

Hazina ya kampuni ni nini

Tuanze na maneno. "Hazina" limetoka katika Kiarabu, lenye maana ya mahali pa kutunzia mali. "Akiba" nalo ni la asili hiyohiyo, na mzizi wake unahusu kinachofuata, yaani mwisho wa jambo. Akiba basi ni kile kinachowekwa kwa ajili ya yatakayofuata. "Sarafu" limetokana na neno la kubadilisha fedha. Katika Kiswahili cha mtaani kwetu tunasema "feza", ambalo ni neno "fedha" lenye maana ya madini yale meupe. Tayari msamiati wetu unaonyesha kwamba fedha, madini na kutunza ni mambo yaliyokaa jirani tangu zamani.

Sasa tuchukue karakana ya kuchomelea vyuma katika komine ya Panda, yenye mafundi kumi na wawili. Kila mwezi mwenye karakana hupokea malipo ya wateja, hununua vyuma na gesi, hulipa mafundi na kodi. Fedha inayobaki hugawanyika mara mbili. Kuna fedha ya mzunguko, ambayo itatumika wiki hii au mwezi huu. Kisha kuna fedha ya akiba, ambayo haina kazi leo ila inangoja mashine iharibike, mteja mkubwa achelewe kulipa, au umeme ukatike majuma matatu. Mkuu wa fedha katika kampuni yoyote huipima akiba kwa maswali matatu. Je, iko salama? Je, naweza kuipata na kuitumia siku ninapoihitaji? Je, inazaa chochote ikiwa imekaa? Swali la pili ndilo wataalamu wanaliita ukwasi. Kwa kawaida maswali haya hujibiwa kwa mpangilio huo: usalama kwanza, ukwasi pili, faida mwisho.

Ndiyo maana kampuni nyingi za Ulaya na Marekani huweka akiba benki au katika hati za serikali za muda mfupi. Faida yake ni ndogo, lakini inajulikana. Hapa kwetu jibu limekuwa dola ya Marekani, na historia inaeleza kwa nini.

Fedha iliyooza

Mwaka 1967 Kongo ilianzisha zaire badala ya franka. Zaire moja ilibadilishwa kwa franka 1,000 na ilikuwa na thamani ya dola mbili za Marekani. Mwezi wa Desemba 1979 serikali ilifuta ghafla noti za zaire 5 na 10, na aliyekuwa na marundo ya noti hizo nyumbani au dukani akajikuta na karatasi. Katika miaka ya mwanzo ya 1990 bei zilipanda kwa kasi isiyohesabika. Mwaka 1993 ikaja zaire mpya, moja kwa zaire 3,000,000 za zamani. Mwaka 1998 ikaja franka ya Kongo, moja kwa zaire mpya 100,000.

Tukizidisha tarakimu hizo, franka moja ya mwaka 1998 ilikuwa sawa na zaire za zamani 300,000,000,000. Kampuni iliyoweka akiba yake katika zaire mwaka 1967 na kungoja miaka thelathini na mmoja haikupoteza sehemu ya mali. Ilipoteza mali yote. Franka yenyewe ilianza ikiwa chini kidogo ya moja na nusu kwa dola, na mwaka 2024 dola moja ilizidi franka 2,700.

Kwa hiyo hoja ya msingi ya wanaonunua Bitcoin haitushangazi. Wanasema fedha inayochapishwa na serikali hupungua nguvu, na anayeitunza kwa muda mrefu hupata hasara hata kama tarakimu katika daftari hazibadiliki. Mtu wa Katanga ataitikia kabla sentensi haijaisha. Atakachouliza ni swali linalofuata: tuweke nini badala yake?

Mababu walikuwa na jibu lao. Mafundi wa Katanga waliyeyusha shaba, ambayo wengi wetu bado tunaiita mukuba, wakaimimina katika kalibu zenye umbo la msalaba. Misalaba ya shaba imechimbuliwa katika makaburi ya kale ya Sanga, katika bonde la Upemba, na ilitumika kama fedha kwa karne kadhaa. Ilikuwa na sifa ambazo wachumi wa leo wangezipenda. Haikuoza, ilipatikana kwa jasho, ilihesabika, na ikikosa kazi ya fedha ingeyeyushwa ikawa jembe au bangili. Katanga ilipojitenga mwaka 1960 iliweka misalaba mitatu katika bendera yake, na sarafu zake za mwaka 1961 zilibeba msalaba huohuo. Mfano huu tuuweke kando kidogo, kwa maana tutauhitaji tukifika kwenye Bitcoin.

Kampuni iliyoanza

Bitcoin ilianza mwaka 2009. Ni sarafu isiyo na noti wala benki kuu. Kumbukumbu zake zote ziko katika daftari moja la pamoja linalotunzwa na kompyuta nyingi duniani, na kila baada ya dakika kumi hivi ukurasa mpya huongezwa. Kompyuta inayofaulu kuongeza ukurasa hulipwa kwa Bitcoin mpya, na kazi hiyo huitwa uchimbaji. Malipo hayo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka minne hivi. Aprili 2024 yalishuka hadi Bitcoin 3.125 kwa ukurasa. Kanuni zimeweka kikomo cha Bitcoin milioni 21, na haitazidi hapo.

Kampuni iliyogeuza sarafu hii kuwa sera ya hazina ni MicroStrategy, ya jimbo la Virginia nchini Marekani. Ilianzishwa mwaka 1989 na ilikuwa ikiuza programu za kuchambua takwimu za biashara. Mwaka 2020 ilikuwa na takriban dola milioni 500 za akiba, na mkuu wake, Michael Saylor, aliona zitapungua nguvu kutokana na fedha nyingi zilizotolewa na serikali wakati wa korona. Agosti 2020 kampuni ikatangaza kwamba imenunua Bitcoin 21,454 kwa dola milioni 250. Mwezi uliofuata ikaongeza.

Kufikia hapo mtu angeweza kusema ni kampuni inayohamisha akiba yake kutoka chungu kimoja hadi kingine. Lakini Desemba 2020 ilivuka mpaka mwingine: ilikopa dola milioni 650 kwa kuuza hatifungani zinazoweza kugeuzwa kuwa hisa, na mkopo huo ukanunua Bitcoin. Tangu hapo haikutumia tena fedha ya ziada peke yake. Ilitafuta fedha ili inunue. Mwisho wa mwaka 2024 ilikuwa na Bitcoin 447,470, na Februari 2025 ikajiita Strategy. Biashara ya programu ilibaki kama kibanda kidogo mbele ya ghala kubwa.

Wengine walifuata kwa hatua tofauti. Square, ambayo leo inaitwa Block, ilinunua Oktoba 2020 kwa dola milioni 50, kiasi cha kama asilimia moja ya mali yake yote. Tesla ilitangaza Februari 2021 kwamba imeweka dola bilioni 1.5. Metaplanet ya Japani, iliyokuwa katika biashara ya hoteli, ilianza mwaka 2024. Wapo pia waliokataa: Desemba 2024 wanahisa wa Microsoft walipigia kura pendekezo la kuchunguza jambo hilo, na wengi wakasema hapana.

Jinsi mtambo unavyozunguka

Wengi wakisikia kwamba kampuni imekusanya mamia ya maelfu ya Bitcoin huuliza fedha inatoka wapi. Jibu linaeleweka kwa hesabu ndogo. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu.

Tuseme kampuni ina Bitcoin 100, kila moja ni dola 1,000, na haina deni wala mali nyingine. Mali yake ni dola 100,000. Ina hisa 100, hivyo kila hisa ina Bitcoin moja nyuma yake, yaani dola 1,000. Lakini sokoni watu wanaisifu kampuni na wako tayari kulipa dola 2,000 kwa hisa. Kampuni inatoa hisa mpya 50 na kuziuza kwa bei hiyo. Inapata dola 100,000, inanunua Bitcoin nyingine 100. Sasa ina Bitcoin 200 na hisa 150. Kila hisa ina Bitcoin 1.33 nyuma yake. Mwenye hisa wa zamani amepata theluthi ya ziada bila kufanya kazi.

Imetoka wapi? Imetoka mfukoni mwa mnunuzi mpya, aliyelipa dola 2,000 kwa kitu chenye Bitcoin za dola 1,333. Amekubali kwa sababu anatumaini kwamba kesho atakuja mwingine atakayelipa zaidi. Ziada hiyo ya bei juu ya mali halisi ndiyo mafuta ya mtambo.

Sasa tugeuze hali. Tukirudi kwenye kampuni ya mwanzo, soko limekata tamaa na hisa inauzwa kwa dola 800, chini ya mali iliyo nyuma yake. Kampuni ikiuza hisa 50 inapata dola 40,000, inanunua Bitcoin 40. Ina 140 kwa hisa 150, na kila hisa imebaki na 0.93. Kitendo kilekile kilichotajirisha wanahisa sasa kinawapunguzia. Na kama kampuni ina deni, siku ya kulipa haitangoja bei ipande. Kwa hiyo mtambo huu huenda vizuri mradi watu wanaamini, na huanza kurudi nyuma imani ikipungua. Hapo ndipo unapotofautiana na msalaba wa shaba, ambao hata soko likifungwa ungebaki kuwa jembe.

Hesabu zinavyoandikwa

Kuna jambo la uhasibu ambalo limebadilisha sura ya habari hizi. Hapo awali, kwa kanuni za Marekani, Bitcoin iliandikwa katika mizania kama mali isiyoshikika, sawa na jina la biashara. Bei ikishuka, kampuni ililazimika kuandika hasara. Ikipanda, haikuruhusiwa kuandika faida hadi iuze. Katika robo ya pili ya mwaka 2022 MicroStrategy iliandika hasara ya zaidi ya dola milioni 900 kwa njia hiyo, ingawa haikuwa imeuza. Kanuni mpya, iliyoanza kutumika kikamilifu kwa miaka ya hesabu inayofuata Desemba 2024, inataka Bitcoin iandikwe kwa bei ya soko ya siku ya kufunga hesabu, kupanda na kushuka. Faida kubwa na hasara kubwa sasa huingia moja kwa moja katika taarifa ya mapato, na msomaji asiye makini anaweza kudhani kampuni imeuza bidhaa nyingi, kumbe ni bei tu iliyopanda.

Kongo ni mwanachama wa OHADA tangu Septemba 2012, na kampuni zetu huandika hesabu kwa mfumo wa jumuiya hiyo. Moja ya misingi yake ni tahadhari: hasara inayotarajiwa huandikwa mapema, faida isiyopatikana bado hungoja. Msingi huo unafanana na busara ya mkulima asiyehesabu magunia kabla ya kuvuna. Mkurugenzi wa Likasi asidhani basi kwamba hesabu zake zitang'aa kama za kampuni za Virginia kwa sababu tu bei imepanda.

Kisa cha Kongo: Virunga

Mfano ulio karibu nasi haukutoka kwa kampuni ya madini. Ulitoka Kivu Kaskazini, katika Mbuga ya Taifa ya Virunga, inayoongozwa na Emmanuel de Merode tangu mwaka 2008. Mapato ya mbuga yalitegemea sana watalii wanaokuja kuona sokwe. Mwaka 2018 utalii ulisimamishwa baada ya mlinzi kuuawa na watalii kutekwa. Ulirudi mwaka 2019, kisha korona ikaufunga tena Machi 2020. Wakati huohuo mbuga ilikuwa na kituo cha umeme wa maji huko Luviro ambacho kilizalisha zaidi ya kile ambacho wateja wa jirani waliweza kununua.

Mbuga ikaweka makontena yenye kompyuta karibu na kituo, na tangu mwaka 2020 umeme ule usio na mnunuzi ukatumika kuchimba Bitcoin. Mapato yalisaidia kulipa mishahara na kazi za mbuga katika wakati ambapo lango la watalii lilikuwa limefungwa.

Tofauti kati ya Virunga na Strategy ni kubwa. Mbuga haikuchukua fedha ya mishahara kununua sarafu. Ilichukua umeme ambao ungepotea ikaugeuza kuwa mapato. Bei ya Bitcoin ikishuka, mbuga inapata kidogo zaidi, lakini haipotezi akiba iliyokwisha kukusanywa. Kwa lugha ya shambani, Virunga ilipanda mbegu katika ardhi iliyokuwa wazi. Strategy iliuza ng'ombe na kukopa ili inunue mbegu zaidi. Wote wawili wanasemwa kuwa "wako katika Bitcoin", na neno hilo moja linaficha mambo mawili yasiyofanana.

Nchi jirani zimechukua misimamo tofauti. Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza Novemba 2019 kwamba sarafu hizi hazitambuliwi kisheria, lakini mwaka 2024 sheria ya fedha ya nchi hiyo ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwa malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Kenya ilipitisha mwaka 2025 sheria ya kuwapa leseni wanaotoa huduma za mali hizo.

Kobalti iliyogeuzwa kuwa akiba

Kuna kisa kingine kinachotuhusu kwa karibu zaidi, ingawa hakina sarafu ya mtandao. Mwaka 2017 kampuni ya Kanada iitwayo Cobalt 27 iliingia katika soko la hisa ikiwa na mpango rahisi: kununua kobalti, kuiweka ghalani na kungoja. Ilikusanya takriban tani 3,000. Aliyenunua hisa zake alikuwa ananunua kipande cha ghala. Kobalti nyingi duniani hutoka katika ardhi yetu ya Katanga, kwa hiyo twaweza kusema kwamba akiba ya kampuni hiyo ilikuwa ndugu wa mawe tunayoyajua.

Katika mwaka 2018 tani moja ya kobalti ilipita dola 90,000. Katikati ya mwaka 2019 ilikuwa chini ya dola 30,000. Mwaka huohuo kampuni ikanunuliwa na mwekezaji wake, Pala Investments, na jaribio likaisha. Ghala halikuibiwa wala kuungua. Kilichopungua ni kile ambacho watu walikuwa tayari kulipa.

Watetezi wa Bitcoin watajibu kwamba kobalti inaweza kuchimbwa zaidi bei ikipanda, lakini Bitcoin haiwezi kuzidi milioni 21. Jibu hilo lina uzito. Kwa kobalti, wingi unaamuliwa pia na serikali: Februari 2025 Kongo ilisimamisha usafirishaji nje, na kuanzia Oktoba 2025 ikaweka mgao, tani 96,600 kwa mwaka 2026. Kwa Bitcoin hakuna waziri wa kufunga mpaka. Lakini uhaba peke yake hauweki bei. Novemba 2021 Bitcoin ilifika karibu dola 69,000. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa karibu dola 16,000. Desemba 2024 ilipita dola 100,000. Kikomo cha milioni 21 hakikubadilika hata siku moja katika muda huo wote.

Ingekuwaje Panda?

Turudi kwa kampuni yetu ya kufikirika. Tuseme ina akiba ya dola 60,000, na mishahara ni dola 10,000 kwa mwezi. Inaweza kukaa miezi sita bila kazi na bado mafundi wakalipwa. Novemba 2021, bei ikiwa juu kabisa, mwenyewe ananunua Bitcoin kwa dola 40,000. Mwaka mmoja baadaye kipande hicho kina thamani ya kama dola 9,300. Kama mwezi huo ndio mteja mkubwa amefunga, akiba ya miezi sita imekuwa ya miezi mitatu pungufu kidogo. Tukitaka kuwa wa haki, tuhesabu na upande wa pili: angenunua Novemba 2022 na kungoja hadi Desemba 2024, dola 40,000 zingekuwa 250,000. Hesabu zote mbili ni za kweli. Tatizo ni kwamba siku ya shida haichagui ni ipi kati ya hizo mbili.

Tesla ilionja jambo hilo. Katika robo ya pili ya mwaka 2022 iliuza kama asilimia 75 ya Bitcoin zake, na mkuu wake Elon Musk alieleza kwamba walitaka fedha mkononi kwa sababu hawakujua China ingefungua lini baada ya korona. Kampuni tajiri kama hiyo, siku ilipoogopa, ilitafuta fedha inayolipa bili.

Kwa kampuni za madini za hapa kuna fundo lingine. Sheria ya madini ya Machi 2018 inazitaka zirudishe nchini asilimia 60 ya mapato ya mauzo ya nje wakati zinapofidia gharama za uwekezaji, na asilimia 100 baada ya hapo. Fedha hiyo inatakiwa ipite katika benki zinazoonekana. Akiba iliyofungwa kwa nywila ya kompyuta ya mkurugenzi mmoja ni vigumu kuioanisha na nia ya sheria hiyo, na nywila ikipotea hakuna dirisha la kwenda kulalamika.

Likasi ina kumbukumbu nzito zaidi kuliko mahesabu haya. Mji huu ulilelewa na kampuni moja: Union Minière, kisha Gécamines baada ya kutaifishwa mwaka 1967. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1980 Gécamines ilizalisha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, mitambo ikachakaa, siasa zikaharibika, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 uzalishaji ukawa chini ya tani 30,000. Mishahara ililimbikizwa bila kulipwa. Katika mpango wa kuondoka kwa hiari wa miaka ya 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliacha kazi kwa malipo ambayo wengi waliyaona madogo kuliko haki yao. Sababu zilikuwa nyingi, na bei ya shaba ni moja tu kati yake. Lakini kila familia ya Panda ilijifunza kwamba kampuni ikikosa akiba ya kweli, anayetumika kama akiba ni mfanyakazi: mshahara wake ndio unaocheleweshwa, bima yake ndiyo inayokatwa, shule ya watoto wake ndiyo inayofungwa.

Hilo ndilo linalofanya mjadala huu uvuke mipaka ya wanauchumi. Mwanahisa wa Strategy amenunua hatari kwa kujua. Anaweza kuuza kesho asubuhi. Mchomeleaji wa Panda hakununua hisa. Hakuulizwa. Mwajiri wake akipata faida katika Bitcoin, si lazima aipate yeye. Mwajiri akipata hasara, ataisikia mwisho wa mwezi.

Tuite nini?

Kazi yetu katika kitivo hiki ni maneno, na maneno hapa yana matokeo. Taarifa za kampuni hizi hutafsiriwa kwa haraka, na kila kinachowekwa katika hazina huitwa akiba. Kiswahili kina msamiati wa kutosha kutenganisha. Akiba ni kile kinachongoja shida na kitakachopatikana siku ya shida. Uwekezaji ni kile unachokitoa leo ukikubali kwamba huenda kikarudi pungufu. Biashara ya kubahatisha ni kununua ukitegemea atakuja mwingine kulipa zaidi. Kitu kimoja kinaweza kuwa chochote kati ya hivyo, kulingana na mahali ulipokiweka. Asilimia moja ya mali, kama ilivyofanya Square, ni uwekezaji unaoweza kupotea bila mtu kukosa mshahara. Umeme wa Luviro ni uzalishaji. Mkopo wa kununua sarafu, kwa matumaini kwamba hisa zitaendelea kusifiwa, ni jambo la tatu, hata likiitwa kwa jina la heshima.

Wanawake wa likelemba huko sokoni wanaijua tofauti hii bila kitabu. Fedha ya mchango haiguswi, kwa sababu zamu ya mtu iko karibu, na siku ya zamu hakuna maelezo yanayokubalika. Mwanachama anayetaka kujaribu biashara hujaribu kwa fedha yake.

Mwanafunzi atakayetafsiri taarifa ya kampuni, au atakayeajiriwa kuiandika, ajiulize basi jambo moja kabla ya kuchagua neno: tarehe 30 ya mwezi mbaya kuliko yote, je, kitu hiki kitawalipa watu wanaongoja? Jibu likiwa ndiyo, aandike "akiba". Likiwa "huenda", aandike "uwekezaji", na asiache mkurugenzi amfutie.